Je, Wajua? Baiskeli Yenye Ufa: Waranti, Sheria na Bei

Barabara ya kutoka Turiani kwenda Mtibwa haikosi baiskeli. Zimo Phoenix zenye gunia la mpunga kwenye keria, na zimo baiskeli za gia za mtumba kutoka Japani na Ulaya, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko anayeziendesha. Hizi za gia zikipata ufa kwenye fremu, wengi husema basi tena. Lakini yapo ya kujua kabla ya kuitupa au kuiuza.

Je, wajua kwamba baiskeli ya milimani ni mtoto wa mtumba?
Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County huko California walichukua baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940 na kuteremka nazo Mlima Tamalpais. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano kwenye njia ya vumbi yenye mteremko mkali kiasi cha kuunguza grisi ya breki, ikabidi ipakwe upya baada ya kila safari. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu mpya kabisa kwa kazi hiyo, ya chuma chenye kromiamu na molibdenamu. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, na baiskeli za aina hiyo zikaanza kutengenezwa kwa wingi.

Je, wajua kwamba "waranti ya maisha" si ya maisha ya baiskeli?
Kampuni nyingi kubwa hutoa waranti hiyo kwa fremu, lakini humpa mnunuzi wa kwanza. Akiiuza baiskeli, waranti hufa au hubaki ya miaka michache. Anayedai hutakiwa risiti na namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya bomba linalobeba ekseli ya pedeli. Tena kinacholipiwa ni kasoro ya kiwandani. Ajali, kutu na mzigo uliozidi havimo.

Mtumba wa Japani huweza kuja na kibandiko cha usajili, kwa kuwa kule kusajili baiskeli dhidi ya wizi ni lazima tangu 1994. Kibandiko hicho kinamhusu aliyesajiliwa kule, hakikupi wewe haki yoyote. Ukinunua mpya, ipige picha risiti ya EFD siku hiyo hiyo: karatasi yake huchapwa kwa joto, na ikikaa juani maandishi hayasomeki tena.

Je, wajua kwamba muuza mtumba naye anabanwa na sheria?
Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Ila mnunuzi akishakikagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Ufa uliokuwa wazi ukaupita ni wako. Ufa uliopakwa rangi makusudi usionekane ni kesi nyingine: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huhesabu kuficha ukweli kwa namna hiyo kuwa udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuukataa mkataba.

Je, wajua kwamba mafuta ya taa na chaki huumbua ufa?
Mafundi wa karakana za reli walitumia mbinu hii tangu karne ya 19. Kwangua rangi mahali unapopashuku: shingoni mabomba yanapokutana, chini ya siti, na karibu na ekseli ya pedeli. Paka mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu kidogo, uyaache yapenye. Futa hadi pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki uliokorogwa kwenye spiriti. Spiriti ikikauka, oili iliyojificha ndani ya ufa huchomoza na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Kama ulikuwa mkwaruzo wa rangi tu, chaki hubaki nyeupe.

Je, wajua kwamba sumaku ya spika mbovu inaweza kukupangia bei?
Ikinata, fremu ni ya chuma, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuiokoa. Hutoboa kitundu kidogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa, ndipo achomelee. Isiponata, mara nyingi ni alumini, na hapo kazi ni ngumu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 bila kuwa nyekundu kwanza, kwa hiyo fundi hapati onyo. Juu yake kuna utando wa oksidi unaohitaji zaidi ya nyuzijoto 2,000 kuyeyuka, na stiki ya kuchomelea mageti haiuwezi. Hata ikichomelewa kwa mashine ya gesi ya agoni, sehemu iliyopata moto hupoteza nguvu nyingi mpaka fremu irudishwe kwenye tanuri maalumu.

Je, wajua kwamba vipande vinaweza kulipa kuliko baiskeli nzima?
Fremu ikifa, gia, krenki, breki na rimu bado zina wateja. Kwa wakusanyaji wa baiskeli za miaka ya 1980 huko Ulaya na Marekani, vifaa vya awali na rangi ya kiwandani hupandisha bei, kwa hiyo usiharakishe kupaka rangi mpya. Fremu ya alumini isiyotengenezeka huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na baadhi ya alumini hiyo huyeyushwa ikawa masufuria.

Ukiamua kuiuza ikiwa nzima na ufa wake, muoneshe mnunuzi ufa huo, uuandike kwenye karatasi ya mauziano, kisha nyote wawili mtie sahihi. Bei itashuka, lakini hatakuwa na hoja ya kurudi kudai kwamba alifichwa.