Kihisi cha sumaku hakioni dhahabu

Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu ya Fizi, fundi akionekana na Arduino na kihisi cha sumaku, swali ni moja: kitaonyesha dhahabu? Hakitaonyesha. Dhahabu haivutwi na sumaku. Kinachovutwa ni magnetiti, ule mchanga mweusi mzito unaobaki pamoja nayo chini ya karai. Mashine za kutafutia metali ni jambo jingine: koili yake hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika, na metali iliyo ardhini huujibu. Kihisi chetu husikiliza tu.

Chukua A1302, kihisi cha miguu mitatu kinachotumia kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Mguu wa kwanza upe volti 5, wa kati hasi, wa tatu uunge kwenye A0. Pasipo sumaku karibu hutoa nusu ya umeme, volti 2.5, na Arduino Uno husoma kama 512 kati ya 0 na 1023. Ikisoma 0, usilaumu programu. Tazama waya kwanza. Sasa leta sumaku ya spika mbovu: upande mmoja namba ipande, ukiigeuza ishuke. Ikiruka toka mwisho hadi mwisho bila kupita katikati, umeuziwa swichi.

Gausi moja husogeza A1302 milivolti 1.3, na hatua moja ya Uno ni karibu milivolti 4.9. Sumaku ya dunia huku haifiki nusu gausi. Basi hiki hakiwi dira hata kidogo.

Kwa dira watu hununua kibao cha GY-271. Vingi huuzwa kwa jina la HMC5883L, kumbe ndani mna QMC5883L, na programu zake haziingiliani. Tafuta anwani ya I2C: HMC hujibu 0x1E, QMC 0x0D.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji sumaku. Weka kibao juu ya meza ya mbao, mbali na pikipiki na simu. Soma mhimili wa X, kizungushe nyuzi 180, soma tena. Namba zilingane, alama zipingane. Ukipata 400 na -200, nusu ya jumla yake, yaani 100, ni kosa la kudumu. Liondoe katika kila usomaji. Z nayo isikutishe: Misisi iko kusini mwa ikweta ya sumaku, uga wa dunia hapa hutoka ardhini ukielekea juu, hivyo alama yake itakuwa kinyume na ya mifano iliyopimwa Ulaya.