Sura ya Saba: Steringi na Jukwaa Lake

Ndani ya kibanda cha video, sauti ya mwigizaji ndiyo ya kwanza kupotea. Filamu ya Marekani hadi ifike kisiwa cha uvuvi cha Ziwa Victoria kama Remba, unachokifikia kwa boti ukitoka Mbita na kuiacha Mfangano nyuma, huwa mara nyingi imeshapita kwa mtangazaji anayeisimulia upya kwa lugha ya watazamaji, sauti yake ikifunika ya waigizaji. Mkenya atakutajia DJ Afro. Mvuvi aliyevuka kutoka Uganda amezoea maVJ wa Kampala na Kiganda chao, na Mtanzania wa umri fulani atakuapia kwamba hajatokea mwingine kama Lufufu. Mtangazaji huyo ndiye steringi, ndiye adui, ndiye mama anayelia mlangoni. Humpa shujaa jina la mtaani na kumtia mdomoni mizaha ambayo aliyeandika filamu hakuiota. Mwigizaji mwenyewe anabakiwa na mwili tu: anavyosimama, anavyogeuza shingo, anavyosikiliza mwenzake akisema.

Kwa steringi wa ngumi na bastola mtihani huo si kitu. Teke halihitaji mkalimani. Wanaoumbuka ni wale waliokuwa wakitegemea maneno. Ndiyo maana katika sura hii nimemchagua mwigizaji aliyepimwa kwa mizani zote mbili: watazamaji wa vibandani wamenyimwa sauti yake, na Hollywood mara kadhaa imeuficha uso wake na kumwachia sauti peke yake. Lupita Amondi Nyong'o si Mmarekani wa kuzaliwa, ila kazi yake ni ya jukwaa na skrini za Marekani, na ukoo wake ni wa ziwa hilihili, upande wa Seme, Kisumu.

Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, akiwa mhadhiri huko. Siasa za Kenya za wakati ule hazikuwa salama kwa msomi mwenye mdomo. Familia ilirudi Nairobi mtoto akiwa bado mchanga. Alipita Rusinga School, shule ya Nairobi iliyobeba jina la kisiwa jirani na Mbita, kisha St. Mary's. Nyumbani kwao watoto waliigiza mbele ya jamaa siku za mikusanyiko, na wazazi waliwapeleka kutazama tamthilia. Akiwa na miaka 14 alipanda jukwaa la Phoenix Players mjini Nairobi kama Juliet wa Shakespeare.

Nalikazia hilo kwa sababu magazeti yalimsimulia kama muujiza: msichana asiyejulikana, filamu ya kwanza, Oscar papo hapo. Habari tamu, lakini inaruka miaka kumi na mitano ya kazi. Miaka hiyo aliwahi kuwa mfanyakazi mdogo nyuma ya kamera wakati The Constant Gardener, filamu iliyotoka 2005, ikipigwa Kenya. Ralph Fiennes, aliyekuwa steringi, alimshauri asiingie kwenye uigizaji isipokuwa kama anaona hawezi kuishi bila huo. Alisoma Hampshire College, Massachusetts, akatengeneza In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu Wakenya wenye ualbino, na mwaka 2009 akaonekana katika tamthilia ya televisheni Shuga. Baada ya hayo ndipo akaenda Yale School of Drama, kwa shahada ya miaka mitatu aliyoimaliza 2012.

Shule ya namna ile hufundisha nini? Watu hudhani ni kulia kwa amri. Kwa kweli sehemu kubwa ni kazi ya mwili: pumzi, uti wa mgongo, matamshi, namna ya kufikisha mnong'ono hadi kiti cha mwisho bila kipaza sauti. Jukwaani mtu huonekana mzima, kuanzia unyayo, na hakuna kurudia. Ukikosea mstari, mwenzako anakuokoa au mnazama pamoja. Tena hadithi huenda kwa mpangilio wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila usiku.

Filamu huvunja yote hayo. Kifo kinaweza kupigwa Jumatatu na harusi Alhamisi, kwa sababu eneo la harusi lilikuwa halijapatikana. Kamera husogea hadi kwenye kope, na kile kilichokuwa cha kawaida jukwaani kinageuka kelele. Mwigizaji analazimika kupunguza bila kuzima, na kuibeba hadithi nzima kichwani mwake, kwa kuwa siku ya kazi haimpi mtiririko wowote. Aliyeizoea safari ya jukwaani, mwanzo hadi mwisho, anajua afike wapi hata akianzishwa katikati. Sisemi kwamba bila jukwaa haiwezekani. Wapo wakubwa wasiowahi kulikanyaga. Nasema tu kwamba alama yake huonekana ukiitafuta.

Itafute kwa Patsey. Mwongozaji Steve McQueen alimchukua Nyong'o kwa ajili ya 12 Years a Slave alipokuwa anakaribia kuhitimu Yale. Filamu ilitoka 2013, ikitokana na kitabu cha Solomon Northup cha 1853, simulizi ya mtu huru aliyeibwa na kuuzwa utumwani. Patsey, mtumwa aliyeigizwa na Nyong'o, huchuma pamba ratili 500 kwa siku, kuwazidi wanaume. Kuna mahali ameketi majanini akitengeneza vidoli kwa maganda ya mahindi. Vidole vinakwenda kwa wepesi wa mtoto, na mgongo ni wa mtu aliyechoka. Ondoa kila neno pale, weka mtangazaji anayepiga domo kuhusu bei ya mbuta, na bado utamjua huyo binti ni nani. Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, alipokea Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, Mkenya wa kwanza kuipata.

Desturi ya Hollywood baada ya tuzo kama hiyo ni kuchuma mapema. Yeye alichukua Star Wars, naam, lakini uso wake hauonekani humo. Katika The Force Awakens ya 2015 ni Maz Kanata, bibi mdogo mwenye miwani mikubwa: alivalishwa alama usoni, kompyuta ikanasa mwendo wake na kuuvisha ngozi nyingine. Mwaka uliofuata akawa Raksha, mbwa mwitu wa The Jungle Book, na mwaka 2024 akawa Roz, roboti wa The Wild Robot, kwa sauti tu. Sikiliza jinsi sauti ya Roz inavyoanza ikiwa tambarare kama tangazo la uwanja wa ndege na kupata joto polepole. Hiyo ni hesabu ya pumzi, na haifunzwi mbele ya kamera.

Katikati ya neema hiyo ya pesa alirudi jukwaani. Mwaka 2009 Yale Repertory Theatre ilionyesha Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake walioshikwa na kamanda wa waasi katika vita vya Liberia, na Nyong'o, mwanafunzi, alikuwa mwigizaji wa akiba: unajifunza sehemu yote, kisha unaomba usimtakie mabaya mwenye nafasi. Mwaka 2015 aliichukua sehemu ileile kwenye Public Theater, New York, na 2016 ikahamia Broadway, ukumbi wa John Golden. Mwandishi, mwongozaji Liesl Tommy na waigizaji wote watano walikuwa wanawake weusi, jambo ambalo Broadway haikuwa imeliona. Broadway huonyesha mara nane kwa wiki. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony.

Mwaka huohuo ilitoka Queen of Katwe ya Mira Nair, mwongozaji ambaye katika Mississippi Masala ya 1991 alimtumia Joseph Olita wa Siaya, yule aliyekwisha kuwa Idi Amin katika filamu ya 1981. Nyong'o ni Nakku Harriet, mama muuza mahindi wa Kampala, mzazi wa bingwa wa sataranji Phiona Mutesi. Hapa watu wa ziwani ndio mahakimu wenyewe. Mganda atakagua lafudhi, na kila mtu anajua mwanamke anavyoinuka na mzigo baada ya siku nzima ya kuuza. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora, kuliko hata ile iliyompa Oscar, ingawa najua wengi watanipinga. Black Panther, iliyozinduliwa hadi Kisumu Februari 2018, ilimpa umaarufu zaidi na kazi ndogo zaidi. Us ya 2019 ilimdai watu wawili katika mwili mmoja, Adelaide na Red, kila tukio lao la pamoja likipigwa upande mmoja kisha mwingine.

Agosti 2025 alikuwa jukwaani tena, safari hii Delacorte, ukumbi wa wazi wa Central Park ambako tiketi ni za bure. Tamthilia ilikuwa Twelfth Night ya Shakespeare, mwongozaji Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Nyong'o alikuwa Viola, na pacha wake Sebastian, anayedhani dada amezama baharini, aliigizwa na ndugu yake wa kuzaliwa, Junior Nyong'o. Ali aliwafanya mapacha hao wageni katika nchi ya watu, na walipokuwa wao kwa wao aliwaachia waseme Kiswahili. Wakazi wa New York waliopanga foleni tangu asubuhi hawakupewa mkalimani. Walilazimika kuisoma miili.