Mwongozo wa Programu Umeandikiwa Nani?

Anayenunua simu, au programu ya kuweka hesabu za duka, hununua pia maelezo ya kuitumia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inawapa watumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari wanazohitaji ili wafaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kijitabu kisichoeleweka hakimfikishi mtu huko, hata kiwe kinene namna gani.

Programu moja huweza kuwa na miongozo kadhaa, kwa kuwa wasomaji wake hawalingani. Muuzaji dukani anataka kujua namna ya kuingiza mauzo na kusahihisha kosa. Mwenye duka anahitaji kujua jinsi ya kuwapa wauzaji ruhusa na kuweka nakala ya akiba ya hesabu. Fundi naye huandikiwa kwa mkato, kwani mwandishi hudhani kwamba mengi ameshayajua.

Hatari huzuka mtu anapofuata maelezo yasiyomhusu. Chukua agizo la kurejesha simu katika hali ya kiwandani. Kwa fundi, maneno hayo yanatosha: anajua kwamba picha, ujumbe na programu zilizohifadhiwa ndani ya simu zitafutika. Mwongozo wa mtu wa kawaida hauna budi kutanguliza onyo hilo, na kueleza jinsi ya kuweka nakala, kabla ya hatua ya kwanza. Onyo linalotokea baada ya hatua ya tano halina kazi. Picha za arusi zimekwisha kupotea.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuonyeshe mwongozo wa mtumiaji, wala si karatasi ya kusifia bidhaa. Chagua jambo moja utakalolifanya kila siku, kama vile kusahihisha mauzo yaliyoingizwa kimakosa, ulifuate hatua kwa hatua papo hapo. Tazama kama picha zilizomo zinafanana na unachokiona kwenye skrini, kwa maana programu hubadilishwa mara kwa mara, na mwongozo wa toleo la zamani huweza kukuelekeza kwenye kitufe kisichokuwapo. Ukishindwa, usione haya. Aghalabu kasoro imo katika maandishi.

Uliza pia ni nani atakayekusaidia baadaye, kwa lugha gani, na kama msaada huo una malipo. Omba majibu yaandikwe, uyahifadhi pamoja na risiti.