Chuma au Alumini? Uchaguzi wa Bloki ya Injini kwa Gari la Chokocho

Chokocho ni kijiji cha pwani, kusini mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Hapo ndipo abiria wa Kisiwa Panza hupanda na kushuka vyomboni. Mahali kama hapo gari halina mapumziko na chumvi: imo katika upepo, imo katika mchanga ulioganda chini ya bodi, na mara nyingi imo hata katika maji ya visima vilivyo karibu na bahari.

Tumchukulie mtu wa hapo mwenye gari aina ya Toyota Corolla la miaka ya 1990, alitumialo kuchukua abiria hadi Mtambile na Chake Chake. Injini imechoka. Yatoa moshi wa buluu, yala oili, na kila kilima huwa mtihani. Fundi amemwambia kuwa hapana budi kuweka injini nyingine iliyokwisha kutumika, iletwayo kutoka Japani. Akiba yake yatosha injini moja tu. Akikosea, gari litakaa chini ya mwembe na wanawe watakosa chakula cha siku.

Dukani anaonyeshwa mbili. Ya kwanza ni 5A-FE, sawa na ile aliyo nayo, ambayo bloki yake ni ya chuma cha kusubu. Ya pili ni 1NZ-FE, ya kizazi cha baadaye, ambayo bloki yake ni ya aloi ya alumini. Ukubwa wao ni kama mmoja: sentimita za ujazo 1,498 na 1,497. "Chukua hii nyepesi, ami, ndiyo ya kisasa," asema muuzaji. Je, asemayo ni kweli?

Kuhusu wepesi, ni kweli. Densiti ya chuma cha kusubu ni gramu 7.2 hivi kwa sentimita ya ujazo, na ya alumini ni 2.7. Bloki ya chuma yenye kilo 40, kama ingesubiwa kwa alumini kwa umbo lile lile, ingekuwa na kilo 15. Lakini umbo halibaki lile lile. Alumini ni laini na hunyumbuka upesi, kwa hiyo wahandisi huongeza unene na mbavu. Na kwa kuwa pistoni ingeikwangua, ndani ya kila silinda huwekwa ngozi ya chuma. Hivyo uzito unaookolewa kwa hakika ni mdogo kuliko hesabu yetu. Kwa gari liendalo polepole na abiria wengi, kilo hizo ni sawa na kumteremsha mtoto mmoja njiani.

Wako waliojaribu kuiacha ile ngozi. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa gari la Chevrolet Vega mwaka 1970, ambalo bloki yake ilikuwa ya alumini iliyotiwa silikoni asilimia 17 hivi, bila ngozi ya chuma. Chembe ngumu za silikoni ndizo zilizotarajiwa kubeba msuguano. Injini ilipopata joto la kupita kiasi, bloki ilipinda na silinda zikakwaruzika, na gari likapata sifa mbaya. Ajabu ni kwamba hedi yake ilikuwa ya chuma, kinyume cha desturi.

Jambo hilo la hedi latuleta kwenye kutanuka. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, mita moja ya chuma cha kusubu hurefuka kwa sehemu 11 hivi za milioni; aloi ya alumini hurefuka kwa 21. Chukua hedi yenye urefu wa milimita 400, uipashe kutoka nyuzi 30 hadi 90. Ikiwa ya alumini itaongezeka nusu milimita. Bloki ya chuma iliyo chini yake itaongezeka robo milimita tu. Gasketi iliyo katikati husuguliwa kila injini iwakapo na kila ipoapo. Injini ya 5A-FE, yenye bloki ya chuma na hedi ya alumini, ina udhaifu huu. Ile ya 1NZ-FE ni alumini juu na chini, hutanuka pamoja. Tena alumini hupitisha joto upesi zaidi kuliko chuma cha kusubu. Hapa muuzaji angepata hoja nzuri, laiti angeijua.

Lakini turudi kwenye chumvi. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba mno wa oksidi, ujitengenezao hewani mara tu metali inapokwaruzwa. Ioni za kloridi zilizomo katika maji ya chumvi huutoboa utando huo hapa na pale, na metali huliwa kwa vishimo vinavyokwenda ndani. Hali huwa mbaya zaidi rejeta ikiwa ya shaba, kama zilivyokuwa nyingi za zamani: ioni za shaba husafiri na maji, hutua juu ya alumini, na kila zilipotua hufanyika betri ndogo ambamo alumini ndiyo inayoliwa. Mwanafunzi aweza kuliona jambo hili kwa kuweka kipande cha alumini ndani ya maji ya bahari pamoja na waya wa shaba uliofungwa juu yake, na kingine peke yake, akavitazama baada ya wiki mbili.

Basi maji ya kisima cha pwani yatailaje kila injini? Katika 5A-FE yatatia kutu bloki, lakini ukuta wa chuma ni mnene na kutu huenea juu juu. Hedi ndiyo itakayotobolewa, na hedi hufunguliwa ikabadilishwa. Katika 1NZ-FE njia zote za maji ni za alumini. Bloki ikitoboka, injini imekwisha.

Kuitengeneza nako si rahisi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, ndiyo maana wasubu wa sufuria huweza kuyeyusha bloki mbovu kwa makaa. Lakini oksidi yake haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,000, na kuichomelea vizuri kwahitaji mashine yenye gesi ya agoni. Silinda ya chuma ikilika, mkereza huiongeza kwa nusu milimita na kutia pistoni kubwa zaidi. Ngozi nyembamba ya ile nyingine haiachi nafasi kubwa ya kukerezwa. Aidha, nyuzi za boliti katika alumini hung'oka kwa fundi akazaye kwa nguvu za mkono bila spana ya kupimia.

Kwa maoni yangu, mtu wetu achukue ile ya chuma. Tena itakaa juu ya mauntingi zile zile, na gia boksi na nyaya zake hazitabadilishwa. Gharama hizo peke yake zingeweza kumaliza akiba. Kabla ya kulipa aitazame hedi: afungue bomba la maji la juu na kupapasa ndani kwa kidole. Akikuta vishimo na unga mweupe, aiache. Na akiisha kuifunga garini, asafishe rejeta, atie maji ya mvua yaliyokingwa safi pamoja na kulanti, na achukue dumu la maji hayo hayo safarini, ili asije akachota kisimani njiani.