Pima Uwanja Kabla ya Kununua Ukoka

Mvua za masika zinapoteremka Vingunguti kuelekea Bonde la Msimbazi, huchukua udongo wa uwanja hadi msingi wa nyumba ukabaki wazi. Ukoka huushika udongo huo kwa mizizi yake. Lakini anayenunua kwa kukisia hupoteza fedha, au uwanja wake hubaki na vipara.

Chukua kamba yenye alama za mita, uilaze juu ya ardhi yenyewe hata penye mteremko. Tuseme uwanja una urefu wa mita 9 na upana wa mita 5. Zidisha: mita za mraba 45. Toa njia ya mlangoni, mita 5 kwa 1, zimebaki 40.

Ukinunua mapande ya kutandaza, ongeza sehemu moja ya kumi kwa yatakayopotea katika kukata kandokando: mita za mraba 44. Ikiwa fedha ni haba, panda vipando kwa nafasi ya sentimita 25. Kila mita ya mraba itahitaji vipando 16. Uwanja mzima 640. Pande moja huchambuliwa likatoa vipando vingi, ila itakubidi kungoja uenee.

Panda masika yanapoanza, na mistari ikingame njia ya maji.

Hata hivyo, ukoka hulinda uwanja, hauzuii mto. Mafuriko ya Desemba 2011 bondeni Msimbazi yalitufundisha hivyo. Aliye ukingoni asiutegemee kuokoa nyumba yake.