Urithi, Kimya na Kukomaa: Usawiri wa Jeraha la Ukoo katika Filamu ya Winter's Bone

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Ulaya, riwaya ya makuzi huhesabiwa kuwa utanzu unaosimulia safari ya kijana kutoka utotoni hadi utu uzima. Kielelezo kinachotajwa mara nyingi ni riwaya ya Johann Wolfgang von Goethe juu ya Wilhelm Meister, iliyotolewa kati ya mwaka 1795 na 1796. Kwa kawaida kijana wa utanzu huu huondoka nyumbani, hukutana na ulimwengu, hukosea, hujifunza, na hatimaye hupata mahali pake katika jamii. Kuondoka ndiko kunakomkomaza.

Makala hii inachunguza filamu inayoupindua utaratibu huo. Winter's Bone, filamu ya Kimarekani iliyoongozwa na Debra Granik na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010, inamweka mbele ya mtazamaji msichana wa miaka 17 ambaye hawezi kuondoka. Baba ameacha deni, mama amepoteza fahamu za mambo, na wadogo wawili wanategemea mikono yake. Swali linaloongoza uchambuzi huu ni hili: je, mtoto aliyerithi jeraha la ukoo wake anaweza kulikataa jeraha hilo bila kuukana ukoo wenyewe? Hoja ya makala ni kwamba katika filamu hii kukomaa ni kuuchambua urithi, yaani kuamua kipi kipokewe, kipi kikataliwe, na kipi kilipwe hata kama si haki kukilipa.

2.0 Chimbuko na Mandhari

Filamu hii imetokana na riwaya ya Daniel Woodrell yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 2006. Mwandishi huyo alizaliwa Springfield, Missouri, mwaka 1953, na sehemu kubwa ya kazi zake imejengwa juu ya maisha ya watu wa Ozarks, nyanda za juu zenye mabonde na misitu zilizoko kusini mwa Missouri na kaskazini mwa Arkansas. Mswada wa filamu uliandikwa na Granik pamoja na Anne Rosellini. Upigaji picha ulifanyika hukohuko Missouri, katika makazi halisi, na baadhi ya waigizaji walikuwa wenyeji ambao hawakuwa na uzoefu wa sinema. Filamu ilipata Tuzo Kuu ya Majaji katika tamasha la Sundance mwaka 2010, kisha ikateuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, zikiwemo za filamu bora na mwigizaji bora wa kike, Jennifer Lawrence.

Mandhari ya filamu hii ina nguvu ya mhusika. Ni majira ya baridi. Miti haina majani, uwanja umejaa magari mabovu na mbao zilizochakaa. Walowezi wengi wa Ozarks walitoka katika milima ya Appalachia katika karne ya 19, wakaja na nyimbo zao, uwindaji wao na mshikamano mkali wa kiukoo. Katika miaka ya karibuni zaidi, eneo hili lilikumbwa na janga jipya la methamfetamini, dawa ya kulevya inayopikwa katika majiko ya siri. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 21, Missouri ilikuwa miongoni mwa majimbo ya Marekani yaliyoongoza kwa idadi ya majiko hayo yaliyogunduliwa na polisi. Baba wa mhusika mkuu, Jessup Dolly, alikuwa mmoja wa wapishi hao.

3.0 Dhana ya Jeraha la Kurithiwa

Wazo kwamba mateso ya kizazi kimoja yanaweza kuonekana katika kizazi kinachofuata lilianza kupewa uzito wa kitaalamu katika miaka ya 1960, pale Vivian Rakoff, daktari wa magonjwa ya akili nchini Kanada, alipoeleza dhiki aliyoiona kwa watoto wa manusura wa mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Watoto hao hawakuwa wameziona kambi, lakini walibeba uzito wake. Mwaka 1998 Vincent Felitti na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwa watu wazima wa San Diego, California, ulioonyesha kuwa kadiri aina za mateso ya utotoni zinavyoongezeka katika maisha ya mtu, ndivyo hatari ya maradhi na ulevi ukubwani inavyozidi.

Yafaa itofautishwe hapa kati ya jeraha la kurithiwa na tabia ya kurithiwa. Methali isemayo kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka inachukulia kwamba mtoto hana budi kufanana na mzazi. Dhana ya jeraha haisemi hivyo. Inasema kuwa mtoto hupokea mzigo, na namna ya kuubeba haijaamuliwa. Katika pengo hilo kati ya mzigo na ubebaji wake ndimo filamu ya Granik inamoishi.

4.0 Deni la Baba

Mgogoro wa filamu unaanza kwa jambo la kisheria. Katika sehemu kubwa ya Marekani, mshtakiwa asiyekuwa na fedha za dhamana huenda kwa mfanyabiashara wa dhamana, ambaye humdhamini kwa malipo na mara nyingi huchukua mali kama rehani. Mshtakiwa asipotokea mahakamani, rehani inaweza kupotea. Jessup ameweka rehani nyumba na msitu wa familia, kisha ametoweka. Sherifu anamweleza binti yake, Ree, kwamba baba asipoonekana siku ya kesi, watafukuzwa.

Huu ni msuko rahisi, lakini unalibeba wazo zito. Ree hakutenda kosa, hakutia saini, wala hakuulizwa. Hata hivyo, anayetakiwa kulipa ni yeye. Jeraha la ukoo, ambalo kwa kawaida ni jambo la ndani lisiloshikika, hapa limepewa umbo la hati ya rehani. Mama naye yupo lakini hayupo. Akili yake imevunjika na hasemi. Katika onyesho mojawapo Ree anampeleka msituni na kumsihi amsaidie angalau mara hii moja kwa ushauri. Mama anabaki kimya. Kutoka wakati huo mtazamaji anaelewa kwamba cheo cha mzazi kimeshahamia kwa mtoto.

Njia ya kawaida ya kuondoka nayo imefungwa. Ree anakwenda kujiandikisha jeshini kwa sababu ya bango linaloahidi dola 40,000. Ofisa mwandikishaji anamsikiliza kwa upole, anamweleza kwamba umri wake unahitaji saini za wazazi na kwamba hawezi kwenda na wadogo zake, kisha anamshauri kwamba kubaki nyumbani huenda kukahitaji ujasiri zaidi. Ni katika onyesho hili ambapo filamu inaachana waziwazi na mkondo wa riwaya ya makuzi.

5.0 Kimya kama Sheria

Ree anapomtafuta baba yake, anazunguka nyumba za jamaa, na kila mlango unamjibu kwa onyo. Karibu wote anaowauliza ni ndugu wa damu kwa namna moja au nyingine. Damu hiyo ndiyo inayopaswa kumlinda, na ndiyo inayomtisha. Polepole inadhihirika kwamba Jessup alianza kutoa habari kwa sherifu ili aepuke kifungo kirefu, na kwamba aliuawa kwa sababu hiyo. Kosa lake kubwa mbele ya ukoo halikuwa dawa za kulevya, bali kusema.

Ree anapoendelea kuuliza, wanawake wa ukoo, wakiongozwa na Merab, wanampiga hadi anapoteza meno. Anayekuja kumtoa ni Teardrop, kaka mkubwa wa baba yake. Kwa hesabu ya Kiswahili mtu huyu ni baba mkubwa, yaani ni baba pia, na mkondo wa filamu unaithibitisha hesabu hiyo. Mwanzoni alimkaba Ree kwa sababu ya maswali yake. Sasa anasimama mbele ya wanaume wenye silaha na kukubali kuwajibika kwa lolote atakalofanya binti huyo.

Kilele cha filamu kinafika usiku. Wanawake walewale waliompiga wanarudi, wanamfunika uso na kumpeleka kwenye bwawa ambako mwili wa Jessup umezamishwa. Ndani ya mashua ndogo Ree anatakiwa aingize mikono majini, aishike mikono ya baba yake, na kuiinua ili Merab aikate kwa msumeno wa injini. Mikono yote miwili inahitajika, maana mmoja ungeweza kudhaniwa kuwa hila ya mtu aliye hai. Kwa mikono hiyo kifo kinathibitishwa na nyumba inaokolewa. Kiishara, tukio hili ni kinyume cha urithi: mtoto hapewi kitu na mkono wa baba, bali analazimika kuuchukua mkono wenyewe ili deni lifutwe.

Hapa ndipo pana ugumu wa kimaadili ambao filamu haiufichi. Ree anaokoka kwa sababu anakubali kimya. Anamwambia sherifu kwamba mikono ilitupwa kibarazani kwao, wala hamtaji mtu. Sheria iliyomuua baba ndiyo iliyomrudishia nyumba. Hivyo ushindi wake si kamili, na mhakiki anayeusifu bila kutaja gharama hiyo atakuwa ameisoma nusu ya filamu.

6.0 Kindi na Banjo

Pamoja na hayo, yapo mambo ambayo Ree anayapitisha kwa wadogo zake kwa hiari yake. Anawafundisha kulenga shabaha, kuwinda kindi, kumchuna na kumpika. Sonny anaposita kushika matumbo ya mnyama, dada yake anamfahamisha kwamba yako mengi ambayo itambidi aache kuyaogopa. Huu ni ujuzi wa Ozarks, urithi wa vizazi, na Ree hauonei haya. Lakini Teardrop anapomkaribisha kwenye dawa za kulevya, anakataa. Jirani anapopendekeza kumchukua Sonny amlee, anakataa kwa hasira, kwa kuwa anajua mvulana huyo angelelewa awe nani.

Badiliko moja la Granik na Rosellini linastahili kutajwa. Katika riwaya wadogo wa Ree wote wawili ni wavulana; katika filamu mmoja ni msichana, Ashlee. Badiliko hili linaongeza maana ya mwisho wa filamu. Teardrop analetewa banjo ya marehemu, anaigusa nyuzi kidogo, kisha anairudisha ibaki pale nyumbani. Kabla ya kuondoka anadokeza kwamba sasa anamjua aliyemuua mdogo wake, na mtazamaji anatambua kwamba mnyororo wa kisasi haujakatika kwake. Kisha Ree anawahakikishia wadogo zake kwamba hawaachi, na Ashlee anaanza kuzipapasa nyuzi za banjo. Ya baba yaliyobaki ni mengi: deni limelipwa, kisasi kimekwenda na baba mkubwa, na mtoto mdogo amebakiwa na muziki.

7.0 Hitimisho

Miaka minane baadaye Granik alirudia swali hilihili katika Leave No Trace (2018), filamu ya baba aliyejeruhiwa na vita anayeishi msituni Oregon pamoja na binti yake. Humo binti anaelewa kwamba maradhi ya baba si maradhi yake, na wanaachana kwa upendo. Binti wa Oregon anajiponya kwa kuacha kumfuata baba; Ree anajiponya kwa kubaki. Tofauti hiyo inaonyesha kuwa umbali hauamui jambo. La msingi katika filamu zote mbili ni kwamba mtoto ametambua mpaka kati ya mapenzi kwa mzazi na wajibu wa kuurudia msiba wake.

Kwa utanzu wa makuzi, Winter's Bone inafundisha kwamba kijana maskini hukomaa mara nyingi bila kupewa nafasi ya kukosea. Kwa wazo la jeraha la kurithiwa, inafundisha kwamba mrithi hana uwezo wa kuchagua alichoachiwa, lakini anao uwezo, ingawa ni mdogo na wa gharama kubwa, wa kuchagua atakachowaachia wengine. Ree Dolly hakuutumia uwezo huo kujiokoa yeye kwanza. Aliutumia kwa ajili ya watoto wawili waliokuwa hawajui bado kuchuna kindi.