Farasi wa Troya Katika Kompyuta ya Nyumbani

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii yaeleza vyema tabia ya programu haribifu ziitwazo trojani, ambazo haziingii katika kompyuta kwa kuvunja mlango, bali hukaribishwa na mwenye nyumba mwenyewe. Jina hilo latokana na kisa cha kale cha Wagiriki ambao, baada ya kushindwa kuuteka mji wa Troya kwa vita, waliacha nje ya kuta zake farasi mkubwa wa mbao aliyejaa askari. Wenyeji wakamvuta farasi hadi ndani ya mji, na usiku askari wale wakatoka na kufungua malango.

Vivyo hivyo, trojani hujionyesha kama mchezo, kama hati ya malipo iliyoambatishwa kwenye barua pepe, au kama programu ya kulipiwa inayotolewa bure. Mwenye kompyuta akiisha kuifungua kwa hiari yake, nayo hufanya jambo jingine kwa siri: huiba maneno ya siri ya benki, huwafungulia wageni njia ya kuingia, au huyafunga mafaili ili fidia idaiwe.

Hapana budi kuitofautisha trojani na virusi. Virusi vya kompyuta hujinakili kutoka programu moja hadi nyingine, hata pengine programu nyingi zikawa zimeambukizwa. Trojani kwa kawaida haijinakili. Kwa sababu hiyo makao yake katika diski aghalabu huwa machache, na mtu mwenye subira aweza kuyatafuta na kuyaondoa kwa mkono.

Swali la msingi

Watu wengi waonapo dalili za trojani hukimbilia kulitafuta faili lenye madhara na kulifuta. Kesho yake hulikuta limerudi. Sababu ni kwamba wamejiuliza swali moja tu, yaani, "Iko wapi?", wakaliacha swali lililo kubwa zaidi: "Huamshwa na nini?"

Kompyuta izimwapo, kila kilichokuwa katika kumbukumbu yake ya kazi hutoweka. Programu yoyote itakayo kuendelea siku ya pili lazima iwe imeacha mahali fulani amri ya kuamshwa upya. Amri hiyo ndiyo mzizi wa trojani, na faili linaloonekana ni tawi tu. Aking'oa mzizi, mchunguzi amemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Mfano wa mwaka 1989

Ukweli huu ulidhihirika mapema. Mnamo Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda nchi mbalimbali. Miongoni mwa waliopelekewa walikuwamo wasomaji wa gazeti moja la kompyuta la Uingereza na watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa juu ya UKIMWI. Disketi hizo zilidaiwa kuwa na maelezo juu ya ugonjwa huo, na kwa hakika maelezo hayo yalikuwamo. Lakini programu ya kuyaweka katika kompyuta ilifanya pia kazi ya siri.

Katika kompyuta za wakati ule, faili liitwalo AUTOEXEC.BAT ndilo lililokuwa na orodha ya amri za kutekelezwa kila kompyuta iwashwapo. Trojani ile iliweka faili lake badala ya lile la asili. Ndani yake mlikuwa na mstari ulioanza na neno REM, ambalo katika mfumo ule lilimaanisha kwamba maneno yafuatayo ni maelezo tu, si amri. Kumbe neno lile lilifuatwa na herufi isiyoonekana katika kioo, na kwa ajili ya herufi hiyo likawa si REM tena bali jina la programu iliyofichwa. Msomaji aliona maelezo, ilhali kompyuta ilisoma amri.

Programu hiyo ilihesabu mara ambazo kompyuta imewashwa. Hesabu ilipofika 90 hivi, ilivuruga majina ya mafaili na kudai dola 189 za Marekani zipelekwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Baadhi ya watu waliingiwa na hofu wakafuta diski zao zote, na kazi yao ikapotea. Hasara hiyo haikuwa ya lazima. Bw. Jim Bates wa Uingereza aliichunguza trojani hiyo akaona kwamba yaliyomo ndani ya mafaili hayakuguswa, ila majina tu. Akatunga programu moja ya kuiondoa na nyingine ya kurudisha majina ya asili. Utulivu uliokoa kilichopotezwa na haraka.

Mahali pa kuchunguza leo

Trojani nyingi za leo zinazofunga mafaili hutumia ufichaji wenye nguvu usioweza kufumbuliwa kwa urahisi namna ile. Hata hivyo kanuni ya mzizi haijabadilika. Katika kompyuta yenye mfumo wa Windows, amri za kuamsha programu hukaa hasa katika sehemu nne: folda ya programu za mwanzo, vifungu viitwavyo Run na RunOnce katika Rejista ya mfumo, orodha ya kazi zilizopangiwa saa, na orodha ya huduma ziendeshwazo chinichini. Programu iitwayo Autoruns, itolewayo bure na Microsoft, huzikusanya sehemu hizi na nyingine nyingi katika orodha moja.

Anayeisoma orodha hiyo asitishwe na wingi wa majina, bali aangalie zaidi njia ya faili na jina la aliyelitia sahihi. Mathalani, svchost.exe ni programu halali ya Windows, na makao yake ya kawaida ni C:\Windows\System32. Programu yenye jina hilo hilo ikikutwa ndani ya folda ya AppData ya mtumiaji, kuna sababu kubwa ya kuishuku. Jina ni vazi tu, na vazi laweza kuazimwa.

Utaratibu wa kuondoa

Kwanza, kompyuta itengwe na intaneti, ili trojani isiweze kutuma ilichoiba wala kupokea amri mpya. Maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, kamwe si kompyuta hiyo yenye ugonjwa.

Pili, nyaraka na picha zinakiliwe katika diski ya nje. Programu zisinakiliwe.

Tatu, kompyuta iwashwe katika hali iitwayo Safe Mode, ambamo Windows huendesha programu chache tu zilizo za lazima. Hatua hii ina sababu yake. Baadhi ya trojani huendesha programu mbili zinazolindana; moja ikizimwa, nyingine huiamsha mara moja. Katika hali hiyo, kwa kawaida zote mbili huwa zimelala.

Nne, njia kamili ya faili linaloshukiwa iandikwe kwenye karatasi, kisha amri yake ya kuamshwa iondolewe. Baada ya hapo faili lenyewe lihamishwe na kubadilishwa jina badala ya kufutwa papo hapo, ili kosa likitokea liweze kusahihishwa.

Tano, kompyuta iwashwe upya kwa kawaida na orodha ichunguzwe tena. Amri ikiwa imerudi, bado kuna mzizi mwingine. Ikiwa haikurudi, kompyuta ipimwe kwa programu ya ulinzi, hasa ile iwezayo kupima kabla Windows haijaamka.

Mpaka wa kazi ya mkono

Yafaa ieleweke kwamba ustadi huu una kikomo. Mwaka 1984 Bw. Ken Thompson wa Marekani, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alionyesha kwamba mlango wa siri waweza kufichwa ndani ya programu inayotafsiri programu nyingine, hata asiyasome maandishi yake mtu akauona. Trojani iliyopata mamlaka yote ya mfumo yaweza kuzidanganya hata programu zinazoichunguza, zikaripoti kwamba hakuna kitu.

Kwa hiyo, ikiwa dalili zaendelea, au ikiwa kompyuta hiyo hutumika kwa shughuli za benki, njia ya busara ni kufuta diski yote na kuweka Windows upya kutoka chanzo halali, kilichoandaliwa katika kompyuta nyingine. Jambo hilo huwa jepesi kwa mtu ambaye tayari ana nakala za kazi zake katika diski isiyounganishwa na kompyuta muda wote. Asiye na nakala hulazimika kuchagua kati ya kazi yake na usalama wake, na uchaguzi huo hauna upande ulio mzuri.